Popo watano kwenye jino la mamothi: mama asema ni nuksi, je ni kweli?

"Niko Guangzhou mwaka wa sita sasa, natuma mizigo Dar es Salaam. Mzee mmoja wa Kichina ninayenunua kwake vifaa vya umeme aliposikia baba yangu ametimiza miaka 78, alinipa zawadi nimpelekee. Ni jino lililochongwa, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, upande mmoja rangi ya maziwa, upande mwingine kahawia kama gome la mti. Amesema si la tembo, ni la mamothi, mnyama wa kale aliyefanana na tembo. Juu kuna mawingu na popo watano, wawili kati yao vichwa chini. Katikati kuna paka anayemtazama kipepeo, na kulungu mwenye uyoga mdomoni. Chini kabisa kuna mnyama ambaye sijapata kumwona: magamba kama ya samaki, kwato kama za ng'ombe, pembe moja kichwani. Nilituma picha nyumbani Tanga. Mama amekataa katakata. Kwake popo ni popobawa, lile zimwi la usiku la pwani, paka ni wa wachawi, na hilo dude la chini ni jini. Baba amekaa kimya tu. Desemba naenda likizo. Wanyama hawa wana maana gani hasa? Je, jino la mamothi ni kitu cha kweli, au nimepewa pembe ya ndovu? Na nikiibeba kwenda nayo nyumbani kuna shida?"

Ndugu yangu, barua yako ina hofu mbili. Mama anawaogopa wanyama, na wewe unaliogopa jino. Nitaanza na wanyama kwa sababu ndio waliomnyamazisha baba, lakini nakuomba sana usifunge begi kabla hujasoma ninachosema baadaye kuhusu jino lenyewe.

Mama yako simlaumu hata kidogo. Mtu wa pwani yetu aliyekuwa mtu mzima mwaka 1995 anakumbuka habari za popobawa zilivyoanza Pemba, zikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam, watu wakawa wanalala nje makundi kwa makundi na kukesha mbele ya moto. Kwa mtu kama huyo, popo watano waliochongwa kwa ustadi, wawili wakining'inia vichwa chini, si pambo la kuweka sebuleni. Macho yake yanasoma picha kwa lugha anayoijua. Tatizo ni kwamba fundi aliyechonga alikuwa anaandika kwa lugha nyingine.

Nasema lugha, na sisemi kwa kupamba. Sisi tumezoea kumfasiri mnyama kwa tabia zake: simba ni ushujaa, fisi ni uroho, sungura ni ujanja. Kwa hiyo tukimwona popo tunauliza popo ana tabia gani, na jibu letu linakuwa la usiku na giza. Katika uchongaji wa Kichina tabia mara nyingi hazina kazi kubwa. Kinachofanya kazi ni jina la mnyama linavyosikika likitamkwa.

Nikupe mfano wa kwetu. Fikiria fundi wa Lamu anachonga mlango, na juu ya kizingiti anaweka kaa, yule wa baharini mwenye magando. Mgeni asiyejua Kiswahili atashangaa: hawa watu wanaabudu kaa? Lakini wewe ungetabasamu, kwa kuwa unasikia anachosema: mgeni, kaa. Akichonga na paa anayeruka kwenye ukuta wa mtoto anayeanza shule, utasikia dua: paa juu. Hajasema lolote kuhusu nyama ya paa wala mbio zake. Amecheza na sauti. Wachina wamefanya hivyo kwa karne nyingi, kwenye hariri, vyombo vya kauri, mbao na pembe, hadi ikawa abjadi kamili ya wanyama.

Sasa tusome zawadi yako kutoka juu. Popo kwa Kichina ni "bianfu", na silabi ya mwisho, "fu", inasikika sawasawa na neno "fu" la baraka. Popo mmoja ni baraka. Popo watano ni baraka tano zinazotajwa tangu maandishi yao ya kale sana: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kifo cha amani wakati ukifika. Wale wawili vichwa chini hawakugeuzwa kwa bahati mbaya wala kwa ushetani. Neno la "kupinduka" na neno la "kufika" yote hutamkwa "dao", kwa hiyo popo aliyepinduka anasema baraka imefika. Wewe uliyekaa Guangzhou miaka sita bila shaka umeona wakati wa Mwaka Mpya wao ile karatasi nyekundu yenye herufi moja kubwa, imebandikwa mlangoni juu chini. Ni neno lile lile, "fu", na limepinduliwa kwa sababu ile ile. Na mawingu yanakueleza zinakotoka baraka hizo: juu, mbinguni.

Paka na kipepeo ndio walionifurahisha kuliko wote, kwa kuwa hapo nilimwona huyo mzee ni mtu wa namna gani. Paka ni "mao", kipepeo ni "die". Ukiyaweka pamoja unapata "maodie", neno la heshima la mtu aliyefika umri wa miaka sabini, themanini, hata tisini. Mchongo wa paka na kipepeo haupewi kijana. Ni wa mzee, siku ya kuadhimisha umri wake. Yaani mzee huyo hakuokota zawadi iliyokuwa karibu. Alisikia baba yako ana miaka 78, akatafuta kazi inayosema: Mungu akuvushe themanini, akufikishe tisini. Kama ingekuwa zawadi yako wewe, ya kukuombea kupanda cheo, nadhani ungepata nyani juu ya farasi, kwa kuwa "juu ya farasi" kwa Kichina ni maneno yale yale yanayomaanisha "sasa hivi", na jina la nyani, "hou", linafanana na jina la cheo cha ukabaila cha zamani.

Kulungu ni "lu", sauti moja na neno la posho ya cheo, riziki anayopata mtu mwenye nafasi serikalini. Lakini hapa ana uyoga mdomoni, na uyoga huo, "lingzhi", katika simulizi zao ndio dawa ya kuishi muda mrefu, na kulungu husemwa ndiye mnyama anayeweza kuutafuta na kuupata. Kwa hiyo dua ya umri inarudiwa mara ya pili.

Tumefika kwa dude la chini. Mwambie mama kwamba si jini, na kwamba ana historia na pwani yetu. Anaitwa "qilin", tamka "chilini". Ni mnyama wa hadithi, mpole kiasi kwamba inasemwa akitembea hakanyagi nyasi akaziumiza, na huonekana tu duniani panapotawala mtu mwadilifu. Vilevile ni mnyama anayeombewa kizazi chema, watoto na wajukuu wenye akili na adabu. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka ujumbe kwa mfalme Yongle wa nasaba ya Ming, pamoja na twiga aliye hai. Mwaka mmoja nyuma mtawala wa Bengal alikuwa amempelekea twiga wa kwanza. Wakuu wa ikulu walipowaona wanyama hao wenye shingo ndefu, kwato, ngozi yenye mabaka na mwendo wa upole, walisema hawa ni "qilin", na wakampongeza mfalme kwamba mbingu zimeridhika naye. Mpaka leo Wajapani neno lao la twiga ni "kirin", jina lile lile. Sijui mzee wako kama alifikiria haya, lakini mimi nikisikia "qilin" anakwenda Tanga siwezi kuacha kumfikiria yule twiga alivyovushwa bahari kutoka Malindi miaka zaidi ya 600 iliyopita.

Kwa hiyo mchongo mzima, ukiusoma kama barua, unasema hivi: baraka tano zimefika kutoka mbinguni, uishi hadi uzeeni kabisa, usipungukiwe, na kizazi chako kiwe chema. Hakuna zindiko ndani yake, hakuna kafara, hakuna aliyesomewa kitu. Kama mama ana swali la kidini, yaani kuweka nyumbani sanamu ya kiumbe mwenye roho, hilo ni jambo jingine na ni la kweli. Mimi si mtu wa kulijibu. Aende kwa shehe wake amuulize ana kwa ana, na jibu atakalopewa liheshimiwe hapo nyumbani.

Kuna jambo watu huchanganya, na najua utaulizwa: je, kwa kuwa jino ni la kale, basi na mchongo ni wa kale? Hapana. Jino likiwa na umri wa miaka 20,000, nakshi inaweza kuwa ya mwaka jana. Kazi za kale hasa zipo, nazo ni jambo la ajabu. Katika mapango ya Swabia, kusini mwa Ujerumani, zimepatikana sanamu ndogo za jino la mamothi zenye umri wa kati ya miaka 35,000 na 40,000 hivi. Yuko farasi wa Vogelherd, urefu sentimita 4.8, shingo yake imepinda vizuri kama anasikiliza kitu. Yuko ndege wa majini wa Hohle Fels, mdogo kama huyo farasi. Na yuko mtu mwenye kichwa cha simba, kimo chake sentimita 31, ambaye vipande vyake vilifukuliwa mwaka 1939 na kuunganishwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Fundi mmoja wa siku hizi alipojaribu kumchonga mfano wake kwa zana za mawe tu, ilimchukua zaidi ya saa 370. Jamii iliyoishi kwa kuwinda kwenye baridi kali iliona inafaa kutumia muda wote huo kwa simba-mtu mmoja. Kwa nini? Wapo wanaosema ni ibada, wapo wanaosema ni nguvu za wanyama wakali watu walizozitamani. Sauti za lugha yao zimepotea, na bila lugha tunabaki kubahatisha. Linganisha na popo wako watano, ambao mwenye duka yeyote hapo Guangzhou anaweza kukusomea kwa dakika mbili.

Sasa jino. Ndiyo, mamothi alikuwepo, na jino lake linauzwa hadi leo. Alikuwa ndugu wa tembo, na wa karibu zaidi na tembo wa Asia kuliko wa kwetu, ingawa ukoo wake ulianzia Afrika mamilioni ya miaka iliyopita kabla ya kuhamia kaskazini. Yule mwenye manyoya aliishi kwenye nyika za baridi. Wengi walitoweka yapata miaka 10,000 iliyopita, na kundi la mwisho liliishi kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Siberia, hadi kama miaka 4,000 iliyopita, wakati ambapo piramidi za Misri zilikwisha kujengwa. Huko Yakutia, eneo la Siberia nchini Urusi, udongo wa chini umeganda mwaka mzima, na ndani yake meno yamehifadhika kama nyama kwenye friza. Kingo za mito zikibomoka kiangazi, hutokeza. Mengi husafirishwa China, na mafundi wa Guangzhou, ambao kwa vizazi walisifika kwa pembe za ndovu, hasa ule mpira wenye mipira mingine ndani yake inayozunguka, wamehamia kwenye mamothi tangu pembe za ndovu zilipozidi kubanwa. China ilifunga biashara yote ya ndani ya pembe za ndovu tarehe 31 Desemba 2017. Kwa hiyo maneno ya mzee wako yanaingia akilini. Lakini hayatoshi kuwa ushahidi.

Rangi ya kahawia uliyoitaja ni dalili nzuri, kwani madini ya udongoni huligeuza ganda la nje la jino la mamothi likawa la kahawia, kijani, hata samawati. Ila rangi huigizwa, na jino la tembo likichovywa kwenye majani ya chai huzeeka kwa siku chache. Usidanganyike pia na ile mbinu ya kuchoma kwa sindano ya moto. Itakuonyesha kama ni plastiki, haitakuambia ni tembo au mamothi, na itaacha alama isiyofutika.

Kinachosema ukweli zaidi ni mistari ya ndani. Sisi husema pembe za ndovu, lakini Watanzania wanaosema meno ya tembo ndio wako sahihi zaidi, maana ni jino lililorefuka, na jino hukua kwa vijimirija vyembamba sana vinavyopishana. Likikatwa kwa upana, kama unavyokata muhogo, vijimirija hivyo huonekana kama mistari inayokatizana, iitwayo mistari ya Schreger. Geuza mchongo wako utazame chini ulipokatwa, kwa lenzi ya kukuzia na mwanga wa kutosha. Tazama pembezoni, karibu na ganda, wala si katikati, kwa sababu karibu na kiini mistari ya tembo nayo hubanana ikakudanganya. Piga picha iliyonyooka, kisha pima kwa protrakta makutano matano au zaidi. Wastani ukiwa chini ya nyuzi 90, ni mamothi. Ukizidi 115, ni tembo. Ukiwa katikati, mistari haiamui. Kiswahili kinapendeza hapa: ni pembe ya mistari inayotuambia pembe ni ya nani. Ukiwa na ile kurunzi ya kukagulia noti bandia, imulike gizani pia. Wakati mwingine jino la mamothi huwa na madoa ya madini ya chuma yaitwayo vivianaiti, na madoa hayo huonekana ya zambarau chini ya mwanga huo. Yakiwepo ni ushahidi mzuri. Yasipokuwepo haithibitishi kitu.

Na hata ukipima ukapata nyuzi 75 safi, bado nasema usiibebe. Hapa najua nitakusikitisha. Mamothi hayumo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyamapori walio hatarini. Mwaka 2019 huko Geneva, Israeli ilipendekeza aingizwe, kwa hoja kwamba meno ya tembo yanapitishwa kwa jina lake, kisha pendekezo likaondolewa. Lakini ofisa wa forodha hakutani na mkataba, anakutana na begi lako. Anaona jino jeupe lililochongwa, mikononi mwa msafiri kutoka Guangzhou. Tanzania ilihesabu tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, na kufikia 2014 walibaki kama 43,000. Kidonda hicho bado kibichi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ni kali sana kwa anayekutwa na nyara za Serikali bila kibali, na kesi za meno ya tembo zimeishia kwenye vifungo vya miaka 20 na zaidi. Atakayetakiwa kueleza na kuthibitisha ni wewe, na kipimo cha maabara hakitoki siku hiyo hiyo. Ndege yako ikipitia Nairobi, kumbuka hiyo ni nchi iliyochoma tani 105 za pembe za ndovu hadharani mwezi Aprili 2016. Hawatakuwa na subira na hadithi ya mamothi saa tisa usiku.

Kama moyo wako umeng'ang'ania, njia ni moja: andika kwa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, kabla ya kusafiri, ukiambatanisha picha na risiti, upate jibu la maandishi. Uliza pia forodha ya China na ya kila nchi utakayopitia. Na ukitaka uhakika kamili kuhusu jino, peleka kwa maabara ya utambuzi au mtaalamu wa makumbusho alishike mkononi. Picha ya simu haina uzito mbele ya hakimu. Usilitume kwa kontena ndani ya mzigo wa mtu mwingine, hata kwa nia njema. Na kama mistari ikisoma zaidi ya 115, usiuze, usimpe mtu, usivuke nalo mpaka wowote. Tafuta wakili hapo hapo China kabla ya kufanya lolote.

Utasikia pia hoja kwamba kununua mamothi kunamwokoa tembo. Wapo wachumi waliokadiria kwamba wingi wa meno ya Siberia ulishusha bei ya meno ya tembo na kupunguza ujangili. Wapo walinzi wa wanyama wanaosema soko la mamothi linayapa meno ya tembo pa kujificha. Naona pande zote mbili zina ukweli ndani yake. Mimi binafsi, kwa mtu anayepeleka zawadi nchi yenye tembo, nasimama na hao wa pili.

Basi zawadi ya baba tufanyeje? Dua ile imo kwenye sauti za majina, haimo kwenye jino. Popo watano wa mti wana baraka zile zile, na paka na kipepeo kwenye sahani ya kauri wanahesabu miaka ile ile. Nenda kwa mzee wako, usimrudishie zawadi kwa ghafla maana utamvunjia heshima. Mwambie umejifunza kila mnyama anasema nini, mtajie mmoja mmoja, nakuhakikishia atafurahi. Kisha mweleze kwamba kwenu nchi inalinda tembo na askari wa mpakani hawezi kutofautisha, hivyo unaomba akusaidie kutafuta fundi wa mbao achonge wanyama hao hao. Jino libaki kwako kama kumbukumbu, au kwake, akitaka.

Na mwombe kitu kimoja zaidi: aseme maneno hayo kwa mdomo wake, kwa Kichina, wewe umrekodi kwenye simu, na chini yake uweke tafsiri yako kwa sauti yako. Umtumie baba wiki hii, usingoje Desemba. Anza na paka na kipepeo, maana hao ni wa baba peke yake.